Bei ya Michezo ya Video na Kauli ya Mnunuzi

Mwezi wa Aprili mwaka 2025 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitangaza kwamba mchezo wake mpya wa mbio za magari, Mario Kart World, utauzwa nchini Marekani kwa dola 79.99. Tangu mwaka 2005 mchezo mkubwa wa video ulikuwa umezoeleka kuuzwa kwa dola 60. Mwaka 2020 kampuni ya 2K ikafungua mlango wa dola 70 kwa mchezo wake wa mpira wa kikapu, NBA 2K21, uliotengenezewa mashine mpya za wakati ule. Haikutimia miaka mitano, mlango wa dola 80 nao ukabishwa hodi. Wanunuzi hawakukaa kimya. Nintendo ilipokuwa ikionyesha michezo yake kwa njia ya intaneti, watazamaji walimimina ujumbe mmoja: shusheni bei.

Wapo watakaouliza, hayo ya Marekani na Japani yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Katika mitaa ya miji yetu vipo vibanda ambamo vijana hulipa kila mechi, anayeshinda hubaki na padi mkononi na anayefungwa humpisha mwenziwe. Mwenye kibanda hununua mashine na diski zilizoagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Bei ikipanda huko, hupanda pia katika benchi la kibanda, tena juu ya kijana ambaye shilingi yake ni ya kuhesabu. Kwa hiyo jambo hili si upuuzi wa watoto. Ni jambo la walaji, na haki ya mlaji haipimwi kwa ukubwa wa bidhaa.

Kwanza tuwape makampuni haki yao. Ni kweli kwamba dola 60 za mwaka 2005 zilikuwa na nguvu ya karibu dola 100 za mwaka 2025. Ni kweli pia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya michezo iliyouzwa katika kaseti ilizidi dola 70. Na gharama za kutengeneza zimekuwa kubwa mno: hati zilizovuja mwaka 2023 zilionyesha kwamba mchezo mmoja tu, Marvel's Spider-Man 2, uligharimu takriban dola milioni 300. Mtu mwenye insafu hawezi kudai kwamba bei isimame pale pale wakati kila kitu kinapanda.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili ambao makampuni hayapendi kuusoma. Mchezo unaopakuliwa kwa intaneti hauhitaji kaseti, boksi wala meli. Wanunuzi nao wameongezeka mara nyingi duniani kote. Isitoshe, bei ya dukani siku hizi ni mlango tu; ndani yake kuna kulipa tena. Katika mchezo wa kandanda wa kampuni ya EA mchezaji huuziwa pakiti za wachezaji bila kujua atamtoa nani. Mwaka 2018 wasimamizi wa kamari nchini Ubelgiji waliona kuwa biashara ya namna hiyo ni kamari, na mwaka 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kinachojazwa hapa si cha mchezaji.

Wala tusidanganywe kwamba nyongeza inakwenda kwa wafanyakazi. Microsoft ilikamilisha ununuzi wa Activision Blizzard mwezi Oktoba 2023 kwa karibu dola bilioni 69. Miezi mitatu baadaye, Januari 2024, ikawapunguza kazini wafanyakazi 1,900 wa idara yake ya michezo. Kisha mwezi Oktoba 2025 ikapandisha ada ya daraja la juu la Game Pass kutoka dola 19.99 hadi dola 29.99 kwa mwezi. Aliyetengeneza amefukuzwa, na anayecheza anatozwa zaidi. Ni nani basi anayefaidi?

Biashara ni ridhaa ya pande mbili, na mwaka 2025 upande wa wanunuzi ulionyesha nguvu zake. Microsoft ilitangaza kwamba mchezo wa The Outer Worlds 2 utauzwa dola 79.99. Kelele zikasikika, na mwezi Julai kampuni ikarudi nyuma hadi dola 69.99 na kuahidi kurejesha fedha za waliokwisha kulipa. Mwaka huo huo kikundi cha Ufaransa, Sandfall Interactive, kiliuza mchezo wa Clair Obscur: Expedition 33 kwa dola 49.99, nakala milioni moja zilinunuliwa katika siku tatu, na mwezi Desemba ukatunukiwa kuwa mchezo bora wa mwaka. Hollow Knight: Silksong, kazi ya watu wachache wa Australia, iliuzwa kwa dola 19.99, na wanunuzi wakafurika hata maduka ya intaneti yakakwama. Ni dhahiri kwamba mchezaji hakatai kulipa, anakataa kupunjwa.

Hata hivyo, lazima tuseme ukweli wote. Mashine ya Nintendo Switch 2, iliyoanza kuuzwa Juni 2025 kwa dola 449.99, ilinunuliwa zaidi ya milioni 3.5 katika siku nne za kwanza. Baadhi ya waliopiga kelele mwezi Aprili bila shaka walikuwa katika foleni mwezi Juni. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kampuni haisomi malalamiko, inasoma mauzo.

Lipo jambo jingine zito kuliko bei yenyewe, nalo ni kile kinachonunuliwa. Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima mitambo ya mchezo wa The Crew, na waliokuwa wameulipia wakabaki mikono mitupu. Tangu Januari 2025 sheria ya jimbo la California inayataka maduka ya intaneti yamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anapewa leseni, hapewi mali. Baadhi ya kadi za Switch 2 nazo hazina mchezo ndani yake, ila ufunguo wa kuupakua. Kwetu sisi hili ni pigo, kwa sababu vibanda vyetu vinaishi kwa diski za mkono wa pili. Mwaka 2013 Microsoft ilitaka kubana uuzaji wa diski zilizotumika. Wanunuzi walipogoma, iliufuta mpango huo mwezi Juni kabla mashine haijatoka. Kinachotafutwa sasa ni kile kile, kwa njia ya kimya zaidi.

Tunaambiwa pia kwamba bei haiwezi kufuata mfuko wa kila nchi. Si kweli. Nintendo hiyo hiyo iliwauzia Wajapani Switch 2 ya lugha ya Kijapani peke yake kwa yeni 49,980, wakati ile ya lugha nyingi ilikuwa yeni 69,980. Wanapotaka, wanajua kupima uwezo wa mnunuzi. Mnunuzi wa Afrika Mashariki katika duka la Steam bado anaandikiwa bei kwa dola, kana kwamba anapokea mshahara wa New York.

Kwa hiyo tunatoa wito. Vijana wasinunue mchezo kabla haujatoka wala siku ya kwanza. Wasubiri, kwani bei hushuka kwa anayesubiri. Wenye vibanda wanunue diski ambayo kesho wanaweza kuiuza. Wazazi wajue fedha inayoingia katika pakiti za kubahatisha. Vyombo vya kulinda walaji navyo vidai mnunuzi aelezwe, kabla hajalipa, kama anauziwa kitu au anaazimwa. Makampuni yana haki ya kuita bei. Mnunuzi naye ana kauli, na kauli hiyo haisikiki mpaka mkono ubaki mfukoni.