Kikapu Kikipanda, Nani Yuko Chini?

Jengo likiporomoka, nchi nzima husimama. Machi 2013 ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliua watu 36. Novemba 2024 likaporomoka jingine Kariakoo, na kamati ya uchunguzi ikaundwa. Lakini fundi mmoja akianguka kutoka kwenye bango la matangazo, habari huishia kituo cha polisi na msibani. Mtu mmoja haundiwi kamati.

Arusha ina sababu ya kulitazama hili sasa. Mji unapanda juu: hoteli, ghorofa za biashara, na huko Olmoti uwanja wa watazamaji 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027. Kazi za namna hii huja na magari ya kikapu na majukwaa ya mkasi, yale yanayonyanyuka na mtu akiwa ndani. Wapo wanaosema hiyo ndiyo dawa: mirunda na ngazi vipigwe marufuku, kila kazi ya juu ifanywe kwa mashine. Nionavyo mimi, mashine ni nusu ya jibu, tena ile nusu rahisi.

Hoja yao ina uzito. Jukwaa la mirunda lililogongwa misumari harakaharaka halina uzio. Fundi plasta husimama juu ya ubao mmoja, ndoo mkononi, mgongo ukielekea hewani. Kikapu kina uzio, kina mahali pa kufungia mkanda, na hakimchoshi mtu kabla hajaanza kazi.

Lakini hatari haiishi hapo, inahama tu. Kwanza inahamia ardhini. Mji huu umelala miguuni mwa Meru, na anayepanda kutoka Sakina kwenda Ilboru hahitaji kipimo kujua kwamba anapanda. Masika ikinyesha, udongo hulainika. Mbele ya maduka mengi pana mitaro ya maji, imefunikwa kwa slabu zilizomwagwa ili wateja wapite, si ili zibebe tani za chuma. Opereta mgeni akishusha mguu wa kulitegemeza gari lake juu ya slabu hiyo, anaona sakafu, haoni mtaro. Hesabu yake ni nyepesi: miguu ikiwa imeachana mita 3, mmoja ukazama sentimita 10, kikapu kilicho mita 15 juu kinakwenda upande nusu mita. Mtikisiko huo unatosha kumrusha mtu nje ya uzio. Ndiyo maana mkanda hufungwa kwenye kikapu chenyewe, kwa kamba fupi, hata kama uzio upo. Akiufunga kwenye nguzo ya jirani, kikapu kikisogea kitamburuta.

Pili, hatari inahamia kwenye nyaya. Laini za volti 11,000 na 33,000 zinapita mitaani kote, na mtu wa ngazi mara nyingi hakuweza kuzifikia. Mkono wa chuma unazifikia bila taabu. Magari yanayotengenezwa maalumu kwa mafundi wa umeme huwa na mkono uliokingwa. Jukwaa la kawaida la kupakia rangi au kufunga vioo halina kinga hiyo. Aliye juu ameikazia macho kazi yake. Nyaya zinataka macho ya mtu mwingine.

Tatu, mashine hizi kwa kawaida zina vitufe vya kuziendesha chini pia, na njia ya kuzishusha injini ikizima. Opereta akibanwa kati ya uzio na boriti, uhai wake uko mikononi mwa aliye chini. Mara nyingi huyo ni deiwaka aliyeletwa asubuhi hiyo kubeba ndoo, na hakuna aliyemwonyesha kitufe kilipo.

Hatuna uhaba wa sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, na wakala unaoisimamia, OSHA, una ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapahapa Arusha. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya 2008. Kinachokwamisha ni mnyororo wa ajira: mwenye jengo anampa mkandarasi, mkandarasi anampa fundi, fundi anamwita deiwaka. Bei inapungua kila inaposhuka ngazi moja, na kinachokatwa mwanzo ni muda. Mashine inakodiwa kwa siku, hivyo nusu saa ya kukagua ardhi inaonekana ni hela inayotupwa.

Wenye maduka madogo watauliza: nani atalipa? Swali ni la haki, na ndiyo maana siungi mkono marufuku. Kwa plasta ya wiki mbili, jukwaa la mabomba lililosimikwa vizuri, lenye uzio na mbao zilizojaa, ni salama kuliko mashine iliyokodiwa kwa siku moja ya pupa. Mashine inafaa kwa kazi fupi za juu sana: taa, mabango, vyuma vya paa.

Lakini anayeikodi awajibike kwa mambo matatu yaliyoandikwa na kusainiwa: opereta aliyefunzwa aina ileile ya mashine, ardhi na nyaya zilizokaguliwa asubuhi ya kazi, na mtu wa chini anayejua kuishusha, mwenye mamlaka ya kusema "simama" hata kwa bosi wake. Jiji lianze na kazi zake lenyewe, kama taa za barabarani na ukataji wa matawi. Kwenye zabuni, gharama ya mtu wa chini iwe na mstari wake, ili mkandarasi asishinde kazi kwa kumwondoa. Mwenye bei ya chini kabisa akikosa zabuni mara mbili kwa sababu ameuacha mstari huo mtupu, wenzake watajifunza haraka kuliko kwa semina kumi.