Mtoto Aliyemwita Mzee kwa Jina Lake



Ndugu zangu katika imani, Ijumaa iliyopita baada ya swala, hapa kwetu Mapera, mtoto wa miaka tisa alimfuata mzee wetu mmoja aliyekuwa anavaa viatu mlangoni. Akamwita kwa jina lake, jina tupu, bila shikamoo wala "babu", akamuuliza kama amsaidie kubeba mkoba. Watu wakacheka. Mmoja akasema, na baba wa mtoto anasikia: "Ndiyo matunda ya Ulaya hayo." Mwingine akaongeza kwamba wamerudi na digrii, dini wameiacha huko huko.

Mimi nilinyamaza. Kunyamaza kule kumeninyima usingizi, ndiyo maana naandika.

Wazazi wale nawajua, na wameniruhusu niseme habari zao bila majina. Baba ni mtoto wa hapa hapa, amekulia kwenye kahawa na ngolo kama sisi. Alisoma kilimo Sokoine, Morogoro, akapata nafasi ya kuendelea Norway, karibu na Oslo. Mwaka 2017 akaondoka na mkewe na huyu mtoto, wakati huo ana miaka miwili.

Ramadhani yao ya kwanza kule ilikuwa ya 2018, iliyoangukia Mei na Juni. Wewe na mimi tunafuturu saa kumi na mbili na nusu jioni tukilalamika kiu. Wao mwisho wa mwezi jua lilikuwa linazama baada ya saa nne na nusu usiku, na alfajiri haikawii. Funga ya zaidi ya saa kumi na tisa. Futari na daku vinakaribia kugusana, katikati kuna Isha, na asubuhi mtu anakwenda kazini kati ya watu ambao hakuna hata mmoja aliyefunga. Kisha Desemba mambo yanapinduka: jua linachomoza baada ya saa tatu asubuhi, saa tisa na robo limekwisha kuzama. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaangukia ndani ya saa za kazi. Baba aliswali kwenye chumba cha kutundikia makoti. Nani kati yetu aliyecheka amewahi kuitafuta swala namna hiyo?

Mama aliniambia kilichomliza si baridi, ni ukimya. Sisi huku mtu akienda kisimani anasalimia nyumba kumi. Kule alisimama kituo cha basi, akasalimia wote, nao wakatazama chini. Akarudi ndani akamwambia mumewe, "Hawa wananichukia." Haikuwa chuki. Wiki ya tatu jirani mmoja mwanamke, asiyewahi kumjibu salamu, aligonga mlango na mfuko wa nguo za sufi za mtoto, akaonyesha kwa mikono jinsi zinavyovaliwa chini ya nguo nyingine, akaondoka. Wema wa watu wale hauna maneno mengi.

Na shuleni kule, mtoto humwita mwalimu wake kwa jina lake. Ndiyo adabu yao, hakuna anayeona ni utovu. Kwa hiyo mtoto yule Ijumaa alikuwa anafanya kile alichofundishwa kuwa ni heshima, na akaongeza juu yake ombi la kumbebea mzee mzigo. Sisi tukasikia jina, tukaacha kusikia ombi.

Jioni wazazi walikuwa wamechoka, nguvu iliyobaki ilitosha kumfundisha kitu kimoja. Wakachagua Qur'ani. Kiswahili kikachechemea, Kimatengo kikapotea kabisa. Bibi yake wa hapa Mapera hazungumzi kwa raha lugha nyingine, basi simu ilikuwa ya tabu: mtoto kimya, bibi kimya. Mwishowe wakapata njia. Mtoto anamsomea Al-Faatiha, bibi anaitikia "Amin", wanaagana. Miaka saba ndivyo walivyojuana. Naona walichagua vizuri, ingawa bibi ameumia, na ana haki ya kuumia.

Sasa ndugu yangu, turudi kwa waliotutangulia. Waislamu wa Makka walipokimbilia Uhabeshi, mwaka wa tano wa utume, walikwenda na wake zao, na watoto wakazaliwa huko. Mmoja ni binti wa Khalid bin Sa'id, anayejulikana kama Umm Khalid. Aliletwa Madina angali mdogo. Amepokea Bukhari kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliletewa vazi lenye nakshi, akaagiza aletwe mtoto huyu, akamvisha kwa mkono wake, kisha akaisifu nguo kwa neno la Kihabeshi, "sanah", yaani nzuri. Tafakari hapo. Mtume ni Mwarabu aliye fasaha kuliko Waarabu wote, na alimwendea mtoto kwa neno la nchi alikozaliwa. Mtoto akaanza kuchezea alama ya utume mgongoni mwake, baba akamkemea, Mtume akasema aachwe.

Mama zao nao walisemwa. Asmaa bint Umays, mke wa Ja'far, alizaa watoto wake Uhabeshi na kurudi mwaka wa saba Hijria. Siku moja kwa Hafsa, Umar (radhiya Allaahu 'anhu) alimwambia kwamba wao wamewatangulia kwa hijra, basi wana haki zaidi kwa Mtume. Asmaa alikasirika. Alimjibu kwamba nyinyi mlikuwa naye, akimlisha mwenye njaa wenu na kumwaidhi asiyejua, na sisi tuko nchi ya mbali kwa watu tusiohusiana nao. Akaapa hali wala hanywi mpaka amfikishie Mtume. Hukumu ikaja kwamba Umar na wenzake wana hijra moja, na watu wa jahazi wana hijra mbili.

Sisemi ugenini hakuna hatari. Sira inamtaja pia Ubaydullah bin Jahsh, ambaye inasimuliwa aliiacha dini huko huko Uhabeshi, mkewe Umm Habiba akabaki mgeni peke yake na mtoto. Mnaoishi nje, msilale. Lakini mtoto anayesoma Al-Faatiha kwa simu si huyo mnayemhofia.

Na sisi watu wa Ruvuma tuna uso gani wa kucheka? Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, watu walivuka mto na ziwa, wakapewa makazi Lundo upande wa Nyasa na Muhukuru upande wa Songea. Watoto walikua huku wakisema Kiswahili. Uhuru ulipofika 1975 waliorudi walikuta serikali yao inaandika Kireno. Muulize mzee yeyote wa mwambao wa ziwa, atakwambia walikuwa watoto wa namna gani. Hatujasahau wageni waliokuja kwetu, basi tusiwasahau wa kwetu waliokuwa wageni kwa watu.

Yule mzee mwenyewe, ambaye hakuna aliyemuuliza, hakucheka. Alimpa mtoto mkoba, wakashuka wote mpaka barabarani.

Jumamosi baada ya Alasiri, inshaa Allah, nitakwenda kwa baba yake kuomba radhi kwa kunyamaza. Mliocheka mnajijua. Anayetaka kuongozana nami anikute msikitini.