Asiyebatizwa Si Mkanamungu

Hapa Burundi, Gitega na Muyinga kuna dhuluma inayotendwa kwa ulimi, na wanaoitenda ni watu wa kusali sana. Bibi ambaye jina lake halimo katika daftari la parokia huitwa mtu asiye na Mungu. Kijana aliyeacha kwenda msikitini Ijumaa, vivyo hivyo. Mlevi, mwizi, mwanasiasa aliyegombana na maaskofu, wote hutiwa kapu moja. Basi, imetosha!

Mkanamungu ni mtu asiyesadiki kwamba Mungu yupo. Maana inaishia hapo. Tabia yake, cheti chake cha ubatizo na ugomvi wake na mapadri ni mambo mengine kabisa.

Mapadri Weupe walipofungua misheni ya Mugera, karibu na Gitega, mwaka 1899, waliwakuta wenyeji wakimtaja Imana, yaani Mungu, katika shida na raha, wakiwapa watoto jina la Habimana, jina linalokiri kwamba Mungu yupo. Walikuwa na ibada yao ya kubandwa, na kwa Kiranga, mjumbe wao kwa Imana, walipeleka maombi yao. Misheni ikawaita wapagani. Leo vitukuu wao wanasimulia kwamba babu zao hawakumjua Mungu. Ni uongo, tena ni uongo juu ya marehemu wasioweza kujitetea.

Wengine hunitajia Bagaza, rais wetu wa zamani, kama mfano wa mkanamungu. Kweli, kabla ya kupinduliwa Septemba 1987, serikali yake iliwafukuza wamisionari, ikazuia misa za asubuhi siku za kazi, ikazitia mkononi seminari. Ule ulikuwa ugomvi wa madaraka: nani asikilizwe vilimani, chama tawala au Kanisa? Anayemfunga padri mchana aweza kupiga magoti usiku. Tumlaumu kwa uonevu; ukanamungu hatujauthibitisha.

Na wale wanaohubiri kwamba pasipo Mungu hakuna utu, wakumbuke mauaji ya 1993. Nchi ilikuwa imejaa makanisa. Waliochinja jirani zao walikuwa na majina ya watakatifu, na walijua sala zote. Mtawezaje baada ya hayo kumnyooshea kidole asiyesadiki, ambaye kosa lake ni kusema ukweli wa moyo wake?

Huyo yupo, na amenyamaza. Mazishini anafanya ishara ya msalaba asije akatengwa na ukoo. Katiba inaitaja Burundi kuwa jamhuri isiyofungamana na dini, lakini ulinzi huo haujafika sebuleni kwao. Hata Kenya, chama cha wakanamungu kilichosajiliwa Februari 2016 kilisimamishwa na Mwanasheria Mkuu miezi michache tu baadaye, viongozi wa dini walipopiga kelele.

Sensa yetu ya 2008 ilipata takriban asilimia 6 wasio na dini. Miongoni mwao, nani anamwomba Imana peke yake, nani amechoshwa na wachungaji, nani hasadiki kabisa? Tarakimu hiyo haijibu. Wanaohesabu watu waulize maswali mawili: unasali wapi, na je, unasadiki kwamba Mungu yupo? Mapadri wa Gitega na masheikh wa Muyinga nao wasimhukumu mtu yeyote mimbarani kabla hawajasikia jibu lake la swali la pili.