Daraja la Chuo Kikuu Lisiwe Fumbo

Kijana wa nyanda za juu za Kigoma anayeingia Chuo cha Ualimu Kasulu, au chuo cha uuguzi kilichopo Kibondo, hatafuti kazi peke yake. Wengi huiona stashahada kuwa ni daraja la kuwafikisha chuo kikuu. Tumaini hilo ni halali, kwani taratibu za nchi zinalitambua. Linalosikitisha ni kwamba wako wanaoyajua masharti ya daraja hilo siku ya kuomba nafasi, wakati mambo yamekwisha kuharibika.

Masharti yenyewe si siri. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania humtaka mwombaji mwenye stashahada awe na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha 4, au cheti cha ufundi stadi cha ngazi ya 3. Juu ya hayo, stashahada ya kawaida iwe na wastani wa alama usiopungua 3.0, na ile ya ualimu iwe na wastani wa daraja B. Programu nyingi za afya hutazama pia masomo ya sayansi ya sekondari. Kwa hiyo, mwanafunzi aliyezembea muhula wa kwanza kwa kudhani kwamba kupita tu kunatosha, huenda akawa amejifungia mlango mwenyewe bila kujua.

Taifa hili limewahi kulitafakari suala la nani aingie chuo kikuu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka wahitimu wa kidato cha 6 wafanye kazi kwanza, kisha waombe nafasi wakiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la Chama. Shabaha ilikuwa njema: elimu ya juu isitengane na kazi. Hata hivyo, hatima ya mfanyakazi iliwekwa mikononi mwa mkubwa wake. Utaratibu wa sasa wa alama ni wa haki zaidi, kwa sababu kipimo ni kimoja kwa wote. Lakini kipimo kisichotangazwa kwa anayepimwa hakina haki yoyote.

Liko na suala la krediti. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, darasani na nje ya darasa. Stashahada hubeba krediti 240, na shahada ya kwanza huanzia 360. Pamoja na hayo, mwenye stashahada kwa kawaida huanzishwa mwaka wa kwanza, hata katika fani ile ile aliyoisomea. Mzazi wa Kibondo aliyeuza maharage na muhogo kulipa ada ya stashahada hulazimika kulipia upya baadhi ya mafunzo ambayo mwanawe amekwisha kuyapata. Huo ni upotevu wa fedha na wa wakati wa taifa.

Hapana budi hatua zichukuliwe. Wakuu wa vyuo wawasomee wanafunzi masharti haya katika juma la kwanza, na kuyabandika ukutani. Walimu wa sekondari wawaeleze vijana kwamba matokeo ya kidato cha 4 huwafuata hadi mlangoni mwa chuo kikuu. Wale wenye wastani wa kuanzia 2.0 lakini usiofika 3.0 waelekezwe kwenye kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, badala ya kuachwa wakate tamaa. Nayo Tume, pamoja na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, zikubaliane na vyuo vikuu ni krediti zipi zitahesabiwa, na aliyetimiza masharti ahakikishiwe nafasi kwa maandishi.

Ahadi ni deni. Kijana wa Kasulu akitimiza sehemu yake, taifa nalo litimize yake.