Kabla hujaegemea mzinga

Siku ukienda Fort Jesus, Mombasa, na mwandani wako, kabla hujauegemea mzinga upigwe picha, uliza kwanza ni wa nani. Maana pale ipo ya meli mbili ambazo hazikuiva chungu kimoja.

Mmoja ni wa Königsberg, manowari ya Mjerumani. Mwingine ni wa Pegasus, ya Mwingereza. Alfajiri ya Septemba 20, 1914, Pegasus imetia nanga Unguja, mitambo inatengenezwa, Mjerumani huyoo! Akaitwanga kutoka mbali, makombora ya Mwingereza yakawa yanaishia njiani. Ikazama, mabaharia zaidi ya 30 wakafa. Kasheshe!

Mjerumani naye akajichimbia kwenye mikoko ya Rufiji hadi Julai 11, 1915, Waingereza walipommaliza. Walimaliza meli bwana, si mizinga. Yote 10 iliopolewa, ikatiwa magurudumu Dar, ikaenda kupigana nchi kavu. Mwingereza naye akaopoa ya Pegasus.

Sasa niambie, porini kule, kwenye tope la masika, nani aliyeikokota? Babu zetu, kwa kamba na mabega. Nimezunguka mizinga ile mara mbili nikitafuta japo jina la mmoja wao. Wapi!