Mzunguko katika Uchujaji wa Takwimu

Mtu anayechuja takwimu kwa kompyuta huweza kukatizwa ghafla na taarifa kwamba maelekezo yake yana mzunguko, yaani yanajirejea yenyewe. Wengi hudhani mashine ina ukaidi, wakatafuta njia ya kuinyamazisha. Hilo ni kosa kubwa kuliko lile lililoripotiwa.

Chukua orodha ya mvua ya vituo vinne: milimita 400, 600, 800 na 1000. Mtafiti anataka vibaki vituo vinavyozidi wastani. Wastani upi? Akiagiza wastani wa vituo vilivyobaki, ili kuvijua vilivyobaki sharti wastani ujulikane, na ili kuupata wastani sharti vilivyobaki vijulikane. Ijaribiwe kwa mkono. Wastani wa vyote ni 700. Vinabaki vya 800 na 1000. Wastani wa hivyo viwili ni 900. Kinabaki cha 1000 peke yake. Wastani wake ni 1000, wala hakuna kinachouzidi. Orodha imekwisha, na hakuna hesabu hata moja iliyokosewa. Kilichokosewa ni swali. Wastani wa orodha nzima utafutwe kwanza na kuwekwa kando, ndipo uchujaji uanze.

Mzunguko mwingine ni wa majina tu. Katika Microsoft Access, mwenye rekodi za zamani za inchi huzidisha safu iitwayo Mvua kwa 25.4 ili apate milimita, kisha huyaita matokeo Mvua vilevile. Programu hukataa, kwa kuwa jina moja limekuwa malighafi na bidhaa kwa pamoja. Kuyaita MvuaMilimita kunatosha. Katika Power Query nako, hatua mbili zikitegemeana kazi husimama; hapo hufaa kurudi nyuma hatua kwa hatua, kila moja ikiulizwa inapata wapi namba zake, mpaka jina lililokwisha kupitwa litokee tena.

Kishawishi kikubwa kimo katika Microsoft Excel. Kwa kawaida huonya, lakini ina swichi inayoruhusu hesabu irudiwe hadi mara 100, au mpaka badiliko liwe chini ya 0.001, kama mtumiaji hakuweka viwango vingine. Swichi hiyo ina matumizi halali: riba inayotegemea deni, na deni linaloongezwa na riba hiyo hiyo, hukaribia jibu moja kadiri hesabu inavyorudiwa. Kichujio hakina dhamana hiyo, kwani kituo hubaki au hutoka, hakuna nusu. Hesabu ikikomea mara ya 100 huacha orodha inayopendeza macho, na mpangaji anayetafuta mahali pa kuchimba lambo hataona ishara yoyote ya shaka. Tena, swichi hiyo ikiwashwa hugusa kila faili la hesabu lililofunguliwa wakati huo, hata lile ambalo mwenyewe hakulikusudia.