Ini huanza kuugua ghalani

Mwaka juzi tulimzika baba mdogo. Tumbo lilijaa maji, macho yakawa manjano, na siku za mwisho alikuwa akituita kwa majina ya watu waliokwisha kufa. Daktari alitueleza kwamba ini lilikuwa limeshindwa kugeuza amonia kuwa urea inayotoka na mkojo, sumu hiyo ikawa inafika kwenye ubongo. Alikuwa na homa ya ini B na saratani ya ini.

Msibani watu wakanong'ona: pombe hiyo. Baba mdogo hakuwahi kuonja pombe; hata togwa ikilala alikuwa akiimwaga. Maneno yale yalinikata maini, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Nina mashine ya kusaga hapa Kondoa, na kila siku naona kitu tusichokisema misibani. Mwezi wa pili, chakula kikiwa kimepungua, mama mmoja aliniletea debe la mahindi yenye kuvu la kijani. "Mama Mashine, nikobolee tu, uchungu utatoka na pumba." Kukoboa hupunguza sumukuvu, yaani sumu ya kuvu, hakuimalizi. Moto wa jikoni nao hauiwezi.

Ugali wa mahindi yale ukishameng'enywa, virutubisho vyake vingi hupita kwanza kwenye ini. Ini ndilo huweka akiba ya sukari na kuitoa usiku tukiwa tumelala, ndilo hutengeneza protini za kugandisha damu. Sumukuvu nayo hupita njia hiyohiyo. Ini likijaribu kuivunja, huigeuza kuwa kitu kikali zaidi kinachoharibu vinasaba vya seli zake lenyewe. Mwenye virusi vya homa ya ini B, hatari ya saratani humzidia maradufu na zaidi. Na ini huvumilia kimya kwa miaka. Figo zikishindwa kuna mashine ya kusafisha damu. Hakuna mashine inayoweza kufanya kazi zote za ini.

Sumu ikiwa nyingi haisubiri miaka. Mashariki mwa Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua kwa mahindi na 125 wakafa. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu, Dodoma na Manyara.

Yule mama nilimwambia ukweli, naye akaniuliza watoto wale nini. Sikuwa na jibu, nikampimia debe kutoka kwangu. Lakini siwezi kuwapimia wote, na kumhubiria mtu mwenye debe moja kwamba asilile ni kumwonea. Kuvu hushamiri tangu wakati wa mavuno, mahindi yakianikwa juu ya udongo na kufungwa yakiwa mabichi. Halmashauri zetu hutoza ushuru wa mazao. Sehemu ya fedha hiyo irudi vijijini kabla ya mavuno: maturubai, mifuko isiyopitisha hewa, na kipima unyevu katika kila kijiji.

Kwa sasa mashineni kwangu pana chupa na chumvi kavu za kupimia unyevu. Tia mahindi hadi theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili vya chumvi, tikisa, uache robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Na wewe uliyezaliwa kabla watoto hawajaanza kuchanjwa homa ya ini, kama mimi, nenda ukapime damu.